Ufunguo wa Bi Mwanaidi

Juzi kwenye harusi mmoja wenu, vijana wangu, simtaji, alinitambulisha kwa wakwe zake kama bingwa wa haki za wapangaji, nami nikachekelea kama zuzu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Basi leo nawaandikia, maana mkishanifanya bingwa mtayarudia makosa yangu mkidhani ndiyo ujuzi. Najua mnalalamika kwamba Kiswahili changu ni kirefu. Kisomeni hivyo hivyo.

Kazi yangu ilikuwa hii. Miaka ishirini na miwili nilikaa kwenye ofisi ndogo ya msaada wa sheria pale Newtown, Johannesburg, ghorofa ya pili, chini kuna duka la nywele za bandia. Niliajiriwa kama mkalimani, kwa sababu Wakongo, Watanzania, Warundi na Wakenya walikuwa wanapanda ile ngazi kila siku na hakuna aliyewaelewa. Baadaye nikawa mshauri. Mtu anakuja na barua mkononi, mimi namsomea, namwambia la kufanya, na ikibidi nampeleka kwa wakili. Karibu wote waliingia na neno moja: "Sina mkataba." Walilisema kwa sauti ya chini, utadhani wanakiri wizi.

Sasa sikilizeni, hili nalisema mara moja. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mwenye nyumba akikuonyesha chumba, mkakubaliana, ukaingia ukakaa, wewe ni mpangaji. Ukitaka makubaliano yaandikwe, mwombe, na sheria inamlazimu ayaandike. Akitaka utoke lazima akupe notisi, mwezi mzima kwa anayepanga mwezi kwa mwezi, na notisi yenyewe haina mikono ya kukubeba. Usipotoka, hana ruhusa ya kukutoa yeye. Lazima aende mahakamani, na hakimu atauliza: huyu amekaa hapo muda gani, ana watoto, ni mzee, ni mgonjwa, akitoka atalala wapi? Na hata amri ikitoka, anayekuja kukutoa ni ofisa wa mahakama, si shemeji wa mwenye nyumba na vijana wanne wenye nyundo. Kubadilisha kitasa, kukata maji, kung'oa mlango, yote hayo bila amri ya mahakama ni kosa. Wala msiniulize habari za pasipoti. Ulinzi huo ni wa kila mtu aliye ndani ya nyumba yake.

Nilipoanza sikujua hata robo ya haya. Wiki yangu ya kwanza alikuja Papa Kasongo, fundi cherehani wa Lubumbashi, aliyekuwa na chumba Yeoville tangu wanawe hawajazaliwa. Alileta barua yenye nembo nyekundu juu na maneno makali chini.

"Papa, hii barua inasema nini? Banatufukuza?" akaniuliza.

Nikaisoma. Nikaona "siku saba", nikaona "hatua za kisheria", nikajitia ujuzi. "Papa Kasongo," nikamwambia, "mahakama imesema utoke." Akanishukuru! Wallahi alinishika mkono akanishukuru. Akaenda akatoa vyerehani vyake vitatu kwa mikono yake mwenyewe, akavipanga kando ya barabara karibu na robot, yaani taa za barabarani, akasubiri rafiki yake alete gari.

Barua ile ilikuwa ya wakili wa mwenye nyumba. Wakili tu! Hata mimi nikipata wakili leo naweza kuwaandikia barua ya kuwatisha ninyi nyote.

Mkuu wangu pale ofisini alikuwa Mama Nomsa, mwanamke wa Soweto, mwembamba, miwani yake ameifunga na kamba ya kiatu. Kazi ile aliianza kabla mimi sijavuka mpaka. Hakunifokea. Aliiweka nakala ya barua mezani akaniuliza, "Muhuri wa mahakama uko wapi? Namba ya kesi iko wapi?" Nikaigeuza barua mbele na nyuma. "Eish, Hamisi," akasema, "huyu umemfukuza wewe."

Tulikimbia mpaka Yeoville. Kitasa kimeshabadilishwa, na mwenye nyumba anatucheka: hajafukuzwa mtu hapa, kaondoka mwenyewe mchana kweupe, waulizeni majirani. Nikamuuliza Papa Kasongo kwa nini hakungoja hata hizo siku saba. Akainamisha kichwa. "Nasikia haya, Papa. Batu baone kitanda yangu inje?" Ndivyo tulivyo sisi. Tunaona bora tutoke wenyewe kabla hatujaonekana tukitolewa, na tukishatoka wenyewe ile sheria haina tena wa kumlinda. Tangu siku hiyo nikipewa karatasi yoyote, hata kadi ya mchango wa harusi, natafuta muhuri kwanza. Mke wangu ananicheka mpaka leo.

Mama Nomsa alinifundisha kumsachi mteja kwa adabu. Huna mkataba? Sawa, fungua mkoba. Kadi ya kliniki ya mtoto ina anwani ya wapi? Ripoti ya shule je? Barua ya msikiti, barua ya kanisa? Siku hizi nawaambia mfungue simu. Ule ujumbe mwenye nyumba aliokuandikia, "fundi bomba atakuja Jumamosi, uwepo," unafaa kuliko hotuba nzima ya wakili, maana hakuna anayemtumia fundi bomba mtu asiyemjua. Usiufute. Utume kwa dada yako, kwa shangazi, kwa yeyote, simu ikiibwa ubaki. Mama mmoja wa Kikongo, mwenye nyumba alipodai hamjui, aliushinda ubishi wote kwa picha za siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Kila mwaka keki mpya, ukuta ule ule, na ufa ule ule ukizidi kupanda kuelekea darini. Hakimu alizipanga mezani akazihesabu, akamuuliza mwenye nyumba kama ufa huo nao haujui.

Basi nikawa najisikia. Mama Nomsa alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi. Nikawa naitwa misikitini na makanisani kufundisha, napewa soda na maandazi, napigiwa makofi. Na huko ndiko Bi Mwanaidi alikonikuta.

Bi Mwanaidi ni mtu wa kwetu, Tanga, Ngamiani kabisa. Kwa umri ni dada yangu mkubwa. Alikuwa na chumba nyuma ya nyumba ya Mzee Salum kule Mayfair, amekaa humo miaka kumi na tisa. Mzee Salum alikuwa Mpemba aliyewahi kufika, akawahi kununua. Makubaliano yao waliyafanya wamesimama barazani, wakasoma Fatiha, basi, yakaisha. Hakuna aliyeshika kalamu. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeihitaji.

Binti yake Bi Mwanaidi alifia mjini hapa hapa, akaacha mtoto mmoja, Aisha. Baba wa mtoto ni Mzulu wa Durban, naye hakuwa na habari na mtoto, ila ndugu zake walimjali. Walikuja wakakaa na Bi Mwanaidi, wakasema maneno ya kiutu: mtoto abaki na bibi yake maadamu bibi ana mahali pake na mtoto anasoma. Shule ilikuwa mitaa miwili kutoka pale chumbani. Aisha alikuwa na miaka saba. Kwa hiyo mtu akiuliza chumba kile kilikuwa na thamani gani, jibu ni mtoto yule. Hakikuwa na kitu kingine cha maana, hata dirisha halikufunga vizuri.

Mzee Salum akafariki. Nyumba akarithi mwanawe Farid, kijana aliyezaliwa hapa, anafanya kazi benki huko Sandton, suti imembana mpaka unamwonea huruma akiketi. Kiswahili anakisikia, lakini anajibu kwa Kiingereza. Hakupita mwezi akamwambia Bi Mwanaidi atoke, anataka kugawa vyumba apangishe upya. Bi Mwanaidi akaja kwangu, nami nikafunga safari mpaka barazani kwa Farid nimevaa tai. Nikamwambia nyumba ikirithiwa, mpangaji anarithiwa pamoja nayo. Nikamwambia mkataba wa mdomo wa marehemu baba yake unamfunga yeye. Nikamwambia mahakama, nikamwambia bibi mzee, nikamwambia mtoto mdogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sharp, Uncle," ndiyo "sawa" yao, akaingia ndani. Bi Mwanaidi aliniombea dua ndefu. Nami nikarudi ofisini nikijigamba kwamba huyo nimemmaliza.

Baada ya miezi mitatu kaka yake Bi Mwanaidi akafariki Tanga. Bi Mwanaidi akasema atakwenda kuzika na atakaa mpaka arobaini ipite. Aisha akaja kwetu, mke wangu akamtandikia kochi. Asubuhi ya safari nikaenda na gari kumchukua bibi nimpeleke uwanja wa ndege.

Sasa hapa nataka msome polepole. Kwetu, ukisafiri, ufunguo unauacha kwa mwenye nyumba. Hujalazimishwa na mtu, ni adabu tu. Bomba likipasuka je? Moto ukiwaka je? Kuondoka na ufunguo mfukoni ni kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini, na mtu mzima hafanyi hivyo. Kila alipokwenda Tanga, Bi Mwanaidi aliuacha kwa Mzee Salum, naye aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake, na akirudi anampa na habari zote za mtaa. Miaka kumi na tisa ilikuwa hivyo.

Farid alikuwa getini anafuta kioo cha gari aende kazini. Bi Mwanaidi, amevaa baibui, macho yamevimba kwa kulia, akamwendea akamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

"Mwanangu Farid, amana hii. Nikirudi utanipa."

"Sharp, Auntie. Safari njema," akasema Farid, akautia mfukoni.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo, hatua tatu, nimeshika mkoba wake. Mimi, mwenye kiti cha Mama Nomsa. Nikaona ufunguo unatoka mkono wa mpangaji unaingia mkono wa mtu aliyekuwa anatafuta njia ya kumtoa, na mnajua nilichofikiri? Nilifikiri: mwanamke huyu ana hekima, amemaliza ugomvi kwa utu. Tulipokuwa njiani nikamwambia, "Dada, umefanya jambo la maana sana."

Mpumbavu mkubwa mimi. Ilitakiwa nini? Ilitakiwa ufunguo akae nao yeye, au aupate mke wangu, na mtu awe anaingia mle chumbani kila wiki, afungue dirisha, amwagilie yale maua yake. Kama adabu ilikuwa inamsumbua, basi nichukue simu yangu nimwandikie Farid mistari miwili: Bi Mwanaidi amekwenda msibani, atarudi baada ya arobaini, chumba bado ni chake, ufunguo amekuachia kwa dharura tu. Dakika moja. Ningeiandika nikiwa nimeegemea gari. Sikuandika, kwa sababu nilikuwa mtu wa Tanga kabla sijawa mtu wa sheria, na adabu ile niliinyonya kwa mama yangu, sikuiona hata kama ni jambo la kuangaliwa.

Alirudi baada ya siku arobaini na tano. Nilimpokea, nikampeleka Mayfair. Akabisha mlango wake mwenyewe. Akafungua msichana wa Kirundi, mtoto mgongoni, nyuma yake kitanda kipya na pazia jipya. Vitu vya Bi Mwanaidi vilikuwa gereji ndani ya mifuko myeusi ya taka, msahafu umechanganywa na viatu. Farid tukamkuta barazani. Hakupandisha hata sauti. Alisema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba Auntie alirudisha ufunguo kwa hiari yake, na shahidi ni Uncle Hamisi, alikuwepo.

Nilimpeleka bibi kwa wakili wetu siku ile ile. Wakili akasikiliza, akavua miwani. Akasema tungejua siku ile Farid alipofungua mlango, mahakama ingemrudisha bibi haraka, bila hata kuuliza nani mwenye haki, maana mtu hajichukulii sheria mkononi. Lakini sasa mle ndani kuna mtu mwingine, ameingia kwa nia njema, hajamkosea mtu. Kumtoa huyo inataka kesi yake, notisi yake, na hakimu atauliza yale yale: ana mtoto, akitoka atalala wapi. "Hamisi," akasema, "sheria hiyo unaijua kuliko mimi."

Nikarudi kwa yule msichana kumwomba kwa mdomo tu. Bi Mwanaidi akaja nami, ingawa nilimkataza. Msichana alinisalimia kwa adabu, akasema ananifahamu.

"Mzee, ulikuja kutufundisha pale kanisani kwetu Jumamosi. Ulisema hakuna kutoka bila karatasi ya mahakama, hata kama huna mkataba. Mimi sina mkataba, tuliongea kwa mdomo tu. Unisamehe, Mzee. Sina pengine pa kwenda."

Alikuwa analia huku anayasema. Nilikasirika, na alikuwa sahihi kila neno. Angekuwa amekuja ofisini kwangu ningempigania, na ningeshinda. Bi Mwanaidi akamtazama yule mtoto mgongoni, akauliza ana miezi mingapi. Akaambiwa minne. "Basi funga mlango, mwanangu, baridi," akasema, akageuka akaenda kwenye gari.

Farid tulimshtaki hata hivyo. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Nikaapa kwa maandishi kwamba bibi alisema "nikirudi utanipa". Wakili wa Farid akauliza mimi ni nani wa bibi, nikasema mtu wa kwetu, na wakili akaandika hilo kwa furaha. Huku sisi tunasubiri tarehe, shangazi yake Aisha akafika kutoka Durban. Mama mpole, amekuja na mfuko wa machungwa. Alikaa sebuleni kwetu akauliza swali moja tu: mtoto analala wapi? Analala kwenye kochi ulilokalia, mama. Hakugomba. Alisema wao wana chumba cha mtoto na shule iko karibu. Nilitafuta kichwani sheria ya kumjibu, sikuipata, kwa sababu alikuwa hasemi kitu kibaya. Muhula ulipoisha wakaondoka na Aisha.

Nilistaafu mwaka ule. Waliniandalia keki, nikakata, nikaenda zangu. Bi Mwanaidi sasa yuko Yeoville, chumba kimoja na akina mama watatu, kila mmoja na pazia lake. Kila Jumapili mchana anakuja kwetu na simu yake, tunampigia Aisha. Mtoto ana miaka kumi sasa. Kiswahili kimempungua, akisikia anasikia nusu, na kujibu anajibu Kizulu. Kwa hiyo nakaa katikati yao kwenye kochi, natafsiri. Nilikula kiapo cha ukalimani zamani mahakamani: usiongeze, usipunguze. Sijawahi kukivunja mbele ya hakimu yeyote.

Jumapili iliyopita mazungumzo yalikuwa ya shule, ya mvua, ya jino lililong'oka. Halafu Aisha akauliza kwa Kizulu: kwa nini Gogo, ndivyo anavyomwita bibi yake, alimpa yule mtu ufunguo wetu?

Nikasema, "Anauliza kama umekula."

Bi Mwanaidi akaichukua simu mkononi mwangu, akaifunika kwa kiganja. Kizulu hajui, lakini miaka yote hii ya kupanga vyumba mji huu, neno lao la ufunguo analijua.

"Hamisi," akasema. "Amesema ukhiye. Nimesikia."

Nikainama.

"Mwambie nilimpa mimi. Kisha mwambie ulikuwepo, umeshika mkoba wangu, na kwenye gari ukanisifu."

Akanirudishia simu. Mtoto alikuwa anaita, Gogo, Gogo, upo? Nikamtafsiria yote, bila kupunguza.